Sumukuvu kwa Diwani na kwa Mkulima: Uzoefu Wangu wa Kuandika

Mwaka 2016, baada ya watu kuugua na wengine kufariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na mahindi yenye sumukuvu (aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu, yaani ukungu), nilipewa kazi mbili kwa mpigo: taarifa kwa madiwani na kipindi kifupi cha redio kwa wakulima. Niliamua tangu mwanzo kwamba kipindi hakitakuwa muhtasari wa taarifa, kwa sababu madiwani walitakiwa kupitisha fedha, ilhali mkulima alitakiwa kubadili namna anavyoanika mahindi.

Kwenye taarifa nilitanguliza kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki, yaani mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja ya mahindi, pamoja na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Aya zilikuwa ndefu na hoja ziliongoza moja kwa moja hadi kwenye gharama za maturubai, kwani mwenye karatasi mkononi anaweza kurudi nyuma, kupiga mstari na kuuliza swali kikaoni.

Msikilizaji wa redio hana pa kurudi. Isitoshe, asilimia 13.5 haimfai mtu asiye na kipimo, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Nilichagua njia ya chumvi: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu na punje za mahindi, ifunge, itikise kwa dakika chache, kisha iache itulie; chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayajakauka, yarudishe juani. Kila hatua niliipa sentensi yake. Palipoandikwa "miundombinu ya ukaushaji" kwenye taarifa, redioni niliweka turubai na kichanja.

Rasimu nilimsomea mama mmoja jirani, mkulima wa siku nyingi, naye akauliza, "Mwanangu, hayo yaliyooza si tunawapa mifugo?" Jambo hilo lilikuwa na nusu mstari tu kwenye taarifa. Kwenye kipindi nililipandisha juu, nikaeleza kwamba kupika hakuiondoi sumu hiyo, na kwamba ng'ombe aliyelishwa mahindi hayo huipitisha kwenye maziwa yanayonywewa na watoto.

Vifo vilinipa taabu zaidi. Madiwani niliwaandikia wazi katika aya ya kwanza, lakini redio ingesikilizwa na familia zilizokuwa bado msibani, tena naamini kwamba hofu isiyoandamana na la kufanya humfanya mtu azime redio. Kwa hiyo kipindi kilianza na salamu za pole, kikaingia kwenye uanikaji, na msomaji wa kipindi nikamwomba atulie kidogo baada ya kila hatua ya chupa, kisha azirudie zote tangu mwanzo kabla ya kuaga.