Bolti nzito na darubini yenye ukungu Rwenzori: dawa ilikuwa mfuko

Kwa wanaopanda doria na bunduki milima ya Rwenzori: tatizo hili la baridi nimelimaliza, naandika lisije likakusumbua. Kambi ya Elena iko mita 4,541, na alfajiri maji ya kikombeni hukutwa yameganda. Dalili zilikuwa mbili: bolti ya bunduki (chuma unachovuta na kusukuma ili kuingiza risasi) inarudi kivivu kana kwamba imepakwa asali, na kioo cha darubini ya kulengea kina ukungu ambao ukitoka nje unageuka barafu.

Kuongeza mafuta kulizidisha uzito. Kufuta kioo kulihamisha maji tu. Kuweka silaha karibu na jiko ndiko kulikoharibu kabisa: hewa ya ndani imejaa mvuke wa chai na pumzi za watu, nao hutua kwenye chuma baridi kama jasho kwenye chupa ya soda.

Kilichofaa: toa risasi zote, chomoa bolti, osha mafuta ya zamani, hasa ndani ya tundu la pini ya kufyatulia, kwa kijiti chenye pamba. Kausha. Paka mafuta mepesi ya baridi, utando tu. Betri za alkali za darubini badilisha, weka za lithiamu.

Lakini kazi yenyewe iko mlangoni. Silaha ikilazimika kuingia ndani, itie kwenye mfuko wa plastiki ungali nje, kamua hewa, kaza mdomo. Usiufungue mpaka chuma kipoteze ubaridi, muda wa saa mbili au tatu. Matone yatabaki juu ya plastiki.