Hodor Hakuulizwa

Sehemu ya tano ya msimu wa sita wa tamthilia ya televisheni ya Game of Thrones, iliyopewa jina "The Door", ilirushwa na HBO nchini Marekani usiku wa Jumapili, tarehe 22 Mei 2016, wakati huku Afrika Mashariki ikiwa ni saa kumi alfajiri ya Jumatatu. Aliyesubiri kuitazama jioni baada ya kazi hakuwa na pa kujificha, kwa kuwa habari za kifo cha Hodor, mtumishi mwenye mwili mkubwa asiyetamka ila jina lake, zilikwisha kuenea, huku kwa vilio, huku kwa utani. Tamthilia ilimalizika Mei 2019, na wengi hadi leo wanagombana kuhusu mwisho wake. Mimi bado ninavutiwa zaidi na ubishi ulioibuka asubuhi ile, kwa sababu naona mashabiki walilikazania swali jepesi na kulipita lile zito.

Bran Stark, kijana aliyepooza miguu, yumo pangoni kaskazini mwa Ukuta, ule mpaka mrefu wa barafu, akifundishwa na Kunguru Mwenye Macho Matatu namna ya kuyaona yaliyopita. Siku moja anaingia katika maono peke yake bila ruhusa, Mfalme wa Usiku, kiongozi wa jeshi la wafu, anamshika mkono, na alama inayobaki inavunja kinga ya pango. Wafu wanapovamia, Bran bado amezama katika maono ya Winterfell, ngome ya familia yake, ya zamani, ambako yupo kijana wa mazizini aitwaye Wylis, anayezungumza vizuri kama wenzake. Meera, msichana anayesafiri naye na kumlinda, anamwita aamke. Anaisikia sauti yake akiwa kulekule, lakini badala ya kuamka anaiingia akili ya Hodor aliyejikunyata pangoni. Hodor anainuka, anamburuta Bran hadi mlango wa nyuma, kisha anauegemea kwa mgongo huku Meera akipaza sauti kutoka kwenye theluji: "Hold the door!" (yaani, "Shikilia mlango!"). Papo hapo, miaka mingi nyuma, Wylis anaanguka uani, macho yamemgeuka, akiyarudia maneno hayohayo, nayo yanazidi kusagika mdomoni mpaka linabaki "Hodor" tu, neno ambalo hatatamka jingine maisha yake yote. Mikono ya wafu inazitoboa mbao na kumparura. Kristian Nairn, mwigizaji wa Hodor, ambaye kwa miaka alikuwa na neno moja tu la kuigiza, anayasema yote kwa uso.

Utani ulikuja haraka: watu walipiga picha vipande vya mbao vya kuzuia mlango na vitufe vya lifti, wakaviandika jina lake. Sikuona ubaya, maana hata matangani watu hucheka.

Baada ya hapo ndipo nadharia zilipoanza kumiminika. Wiki mbili kabla, katika sehemu iitwayo "Oathbreaker", Bran alimwita baba yake ndani ya maono, na Ned kijana akageuka kana kwamba amesikia, ingawa mwalimu wake alimweleza kwamba yaliyopita yamekwisha kuandikwa na wino umekauka. Kundi moja likasema wino haujakauka, bali Bran anaweza kuugeuza wakati. Kwamba huenda ni yeye aliyemnong'oneza Mfalme Aerys hadi akarukwa na akili, na huenda yeye ndiye yule Bran Mjenzi wa kale, anayesemekana kuujenga Ukuta. Kundi la pili likashikilia kwamba hakuna kilichobadilika, kwa kuwa Hodor alikuwa Hodor tangu msimu wa kwanza mwaka 2011, kabla Bran hajajifunza lolote. Hawa wa pili ndio waliosema kweli, na zile nadharia nyingine tamthilia haikuzithibitisha kamwe.

Lakini mduara wa wakati kuwa umefungwa hakumwondolei Bran lawama. Wengi walimlilia Hodor kama shujaa aliyejitoa mhanga, nami neno hilo linanikwaza, kwa sababu kujitoa kunahitaji mtu kuwa na nafasi ya kukataa. Wylis hakupewa nafasi hiyo utotoni, na Hodor aliinuliwa pale pangoni akiwa anaendeshwa na mwingine. Wapo waliojibu kwamba katika picha za mwisho macho yake ni ya kawaida, si meupe kama ya mtu aliyeingiliwa, hivyo alibaki mlangoni kwa hiari yake. Hiyo ndiyo hoja bora niliyoisikia upande wa pili, na ninaiheshimu, ila hiari ya mtu aliyeandaliwa tangu utoto kwa dakika hiyo moja ni hiari ya namna gani?

(Wasomaji wa vitabu ambavyo tamthilia ilitokana navyo walikuwa na uchungu wao wa pembeni: watayarishaji David Benioff na D. B. Weiss walieleza kwamba siri ya jina la Hodor ilitoka kwa mwandishi wake, George R. R. Martin mwenyewe, kwa hiyo waliomsubiri kwa miaka mingi waliipata kwanza kwenye televisheni.)

Swali hilo la hiari ya Hodor tamthilia yenyewe ililigusa mara moja, katika msimu wa saba, Meera anapoaga Winterfell na kumkumbusha Bran kwamba Hodor alikufa kwa ajili yake, na kaka yake Meera pia. Kabla ya hapo Bran alikuwa amemshukuru tu, kwa sauti isiyo na joto hata kidogo. Mashabiki wengi walichukia ubaridi ule, wakadai waandishi wamemharibu mhusika. Kwangu mimi, hapo Meera ndiye pekee aliyezungumza kwa niaba ya Wylis, na Bran hakuwa na jibu la kumridhisha.