Rubani msaidizi wangu hachoki kuulizwa

Watu wakisikia kwamba mimi kipofu narusha ndege kwenye simyuleta, programu ya kompyuta inayoiga urushaji wa ndege, wanataka kujua naonaje vioo vya vipimo. Sivioni, nasomewa. Chumba cha marubani chenyewe kimejaa sauti kuliko wengi wanavyodhani. Boeing 737 ikiwa mbioni kuruka, rubani msaidizi hutaja noti 80 (noti ni kipimo cha kasi), kisha V1, kasi ambayo ukishaipita husitishi tena kuruka, kisha “rotate”, yaani inua pua. Ikishaanza kupanda husema “positive rate”, yaani tunapanda, na mwenzake hujibu “gear up”, kunja magurudumu. Wakati wa kutua, mtambo wenyewe huhesabu futi kwa sauti: hamsini, arobaini, thelathini. Utaratibu huo wamewekewa watu wenye macho mazima, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kutazama kila kioo kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana sipendi programu kama It's Your Plane iitwe huruma kwa walemavu. Ni rubani msaidizi unayemwamuru kwa mdomo, na wanaoona pia wanaitumia. Kwangu ina kazi ya ziada. NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kipofu mwenzetu, husoma maandishi vizuri. Lakini vioo vya ndege kwenye simyuleta vimechorwa, na mbele ya picha NVDA hunyamaza. Msaidizi huzichota namba kutoka ndani ya simyuleta kabla hazijawa picha.

Jana usiku nilitoka Dar kwenda Zanzibar. Safari ya kilomita sabini na kitu, na kwa ndege kubwa hivyo hakuna pa kupumzikia: hujamaliza kupanda, unaanza kushuka. “Flaps up,” nikamwamuru msaidizi akunje mabawa madogo ya nyuma ya bawa. Kimya. “Flaps up!” Hapo akanielewa, ulimi wangu wa Tanga hupenda kubandika irabu mwishoni. Kwenye namba nina unafuu, maana kanuni za redio za marubani zinataka tatu itamkwe “tree”, na ndivyo nilivyoitamka tangu shule ya msingi. Hedifoni ni lazima, la sivyo kipaza sauti kitanasa sauti ya NVDA na msaidizi ataanza kupokea amri za roboti mwenzake.

Mdogo wangu alikuwa pembeni anakula karanga. “Kaka, sasa wewe hapo unafanya nini, kama yeye ndiye anayefanya kila kitu?”

Nikamwambia asubiri. Futi elfu moja juu ya ardhi, kasi ilikuwa bado kubwa mno. Msaidizi alinitajia namba, akanyamaza. Hakusema tutue wala tusitue. Nikasukuma mbele wenzo wa nguvu za injini, nikaita “go around”, yaani tusitue, tukazunguka juu ya bahari na kuja upya. Mdogo wangu akaacha kutafuna.

Kinachonitesa hadi leo ni kuiendesha ndege chini uwanjani baada ya kutua. Angani nina digrii, futi na noti. Chini kuna kona ya njia ya kuegeshea, na kona haina namba.