Gujarat: Simba wa Gir, Mafundi wa Kachi na Wasidi wa Jambur

Wahindi wengi walioweka makazi Zanzibar, Mombasa, Lamu na Bagamoyo katika karne ya 19 walitoka upande mmoja wa magharibi mwa India, yaani Kachi na rasi ya Kathiawar, maeneo ambayo leo yamo ndani ya jimbo la Gujarat. Wazee wetu waliwafahamu kama Mabaniani, Makhoja, Mabohora na Wamemoni, wakanunua kwao nguo na kuwauzia karafuu na pembe. Sisi wajukuu tumebaki kulijua jimbo hilo kwa majina yaliyoandikwa juu ya milango ya maduka tu. Ndiyo maana nilipopata nafasi ya kuzuru India niliiacha Agra na Delhi, nikautumia muda wangu wote Gujarat. Ninaandika haya kwa msomaji wa Kiswahili anayefikiria kwenda huko, ili ajue kuna nini cha kutazama na, lililo muhimu zaidi, ni akina nani wanaokitunza.

Mtu wa pwani aanzie Mandvi, bandari ya Kachi. Katika kingo za mto Rukmavati mafundi wanaendelea kuunda vyombo vya mbao vya ukubwa wa kutisha, mbavu zikiwa wazi na mabaharia wa zamani wakikaa kivulini kuwatazama mafundi wanaotia kalafati. Bandari hii na jirani yake Mundra ndizo zilizotuma kotia, majahazi ya Kihindi, zilizokuja kwetu na kaskazi na kurejea na kusi. Kutoka Mundra ilitoka nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyokodi forodha ya Zanzibar tangu enzi za Seyyid Said, na kutoka Lakhpat, mji ambao sasa ni ngome tupu kando ya ardhi ya chumvi, alitoka Tharia Topan, ambaye jengo lake la zahanati lenye roshani za mbao zilizonakshiwa bado linapamba ufuko wa Mji Mkongwe. Haifai, hata hivyo, kuisimulia biashara hiyo kwa fahari tupu. Fedha zilizokopeshwa na matajiri hao ndizo zilizogharimia misafara ya bara, na misafara hiyo ilileta pembe na watumwa pia. Nitarudi kwenye jambo hili nitakapofika Jambur.

Kachi yenyewe ilipigwa na tetemeko kubwa la ardhi tarehe 26 Januari 2001, lililoua maelfu ya watu na kuubomoa mji wa Bhuj. Kijiji cha Dhamadka, makao ya ukoo wa Khatri wanaopiga chapa nguo za ajrakh, kiliharibiwa, na maji yake hayakufaa tena kwa kazi ya rangi. Baadhi ya familia zilihama na kujenga kijiji kipya karibu na Bhuj, wakakiita Ajrakhpur. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu sikuwahi kuona kitambaa kikipitia mikono mingi kiasi hicho.

Pamba hufuliwa kwanza ili itoke wanga wote, kisha huchovywa katika maji ya matunda ya harda, ambayo huipa rangi ya manjano hafifu na kuiandaa kushika rangi nyingine. Baada ya hapo fundi huchukua muhuri wa mbao uliochongwa, akauchovya katika uji wa chokaa na gundi, akaugonga juu ya kitambaa kwa kisigino cha kiganja, akauhamisha, akaugonga tena, na mistari ikakutana sawasawa bila yeye kupima kwa rula. Palipopakwa chokaa hapataingia rangi. Weusi hupatikana kwa kulowesha vyuma chakavu pamoja na sukari guru kwa siku nyingi, hata pipa likatoa povu na harufu kali ya uchachu. Wekundu hutoka kwenye rangi ya mizizi, na buluu kwenye birika la nili. Nguo inapotolewa kwenye nili huwa ya kijani, na ikishapigwa na hewa hugeuka buluu mbele ya macho yako. Kisha hufuliwa, huanikwa na kurudiwa. Vipande vya pamba ya Gujarat iliyotiwa rangi kwa njia ya namna hii vilifukuliwa Fustat, mji wa kale wa Misri, ushahidi kwamba nguo hizi zilikuwa zikivuka bahari karne nyingi kabla ya Vasco da Gama kufika Malindi. Sasa viwanda hutoa nakala za bei ya chini kwa mashine, na mgeni asiyejua hununua hizo sokoni Ahmedabad akidhani amewasaidia mafundi. Ukitaka ajrakh, nenda Ajrakhpur, na usidai punguzo la nusu bei.

Kati ya Kachi na Kathiawar kuna Rann Ndogo, uwanda wa tope na chumvi ambao mvua hugeuza ziwa na kiangazi hugeuza sakafu nyeupe iliyopasuka. Hapa wanaishi punda mwitu wa India, waitwao khur, ambao hifadhi yao yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 5,000 ilianzishwa miaka ya 1970 walipokuwa karibu kutoweka. Ni wanyama wa rangi ya mchanga na tumbo jeupe, wenye mbio ndefu, na ukiwatazama kwa mbali juani miguu yao hupotea kwenye mazigazi. Katika uwanda huohuo familia za Agaria huhamia baada ya mvua, huchimba visima vya maji ya chumvi na kuyakausha katika majaruba, na hukaa humo miezi mingi bila kivuli ili India ipate chumvi. Waongozaji wengi huwapita wakimfuata punda. Mimi niliomba gari lisimame, na ningemshauri kila mgeni afanye hivyo.

Majengo nitayataja kwa ufupi, si kwa kuyadharau, bali kwa sababu yamekwisha kuandikwa sana. Rani ki Vav mjini Patan, kisima cha ngazi kilichojengwa katika karne ya 11 na Malkia Udayamati kumkumbuka mumewe Mfalme Bhima wa Kwanza, kilifukiwa na mafuriko ya mto Saraswati kwa karne nyingi, na tope hilohilo ndilo lililozihifadhi sanamu zake. Kiliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2014. Mjini Ahmedabad usikose msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa mwaka 1572 au 1573 na mtu mwenye asili ya Uhabeshi aliyepanda cheo katika usultani wa Gujarat. Katika moja ya madirisha yake jiwe limechongwa likawa mti wenye matawi yanayosukana, nyembamba kiasi kwamba jua la jioni hupenya kote. Nembo ya chuo maarufu cha usimamizi cha jiji hilo ilitokana na dirisha hilo, lakini ni wachache niliowasikia wakitaja kwamba aliyeuacha msikiti huo alikuwa Mwafrika.

Halafu Gir. Simba wa Asia aliwahi kuenea kutoka Uturuki na Shamu, kupitia Uajemi, hadi katikati ya India. Bunduki na kilimo vilimmaliza kote huko, na hatimaye akabaki katika msitu huu mmoja, ambako Manawabu, yaani watawala, wa Junagadh waliamua kumlinda alipokuwa amebaki kwa idadi ndogo mno. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu simba 674, na ile ya mwaka 2025 ikahesabu 891. Sisi tuliozoea simba wa Serengeti na Ruaha tunatambua tofauti mara moja: dume ana manyoya machache utosini, masikio yake huonekana wazi, na chini ya tumbo pana mkunjo mrefu wa ngozi unaoning'inia. Anaishi katika msitu wa misaji unaopukutisha majani, hivyo unaweza kumsikia akikanyaga majani makavu kabla hujamwona.

Nusu ya habari ya Gir, hata hivyo, ni Wamaldhari, wafugaji wa nyati wa maziwa na ng'ombe wa Gir, wanaoishi katika vijiji vidogo viitwavyo ness, vilivyozungushiwa boma la miiba. Familia nyingi zilihamishwa kutoka msituni kuanzia miaka ya 1970, na zilizobaki zinaendelea kulala umbali mfupi kutoka kwa simba. Jioni moja niliona nyati wakirejea kukamuliwa. Karibu na lango walinusa kitu, wakasimama kwa pamoja, pembe mbele na ndama nyuma, na mchungaji akasubiri fimbo ikiwa begani hadi walipotulia. Alinieleza kupitia kwa mwongozaji kwamba simba akiua nyati hulipwa fidia, lakini fidia haifikii maziwa ya mwaka mzima. Hakusema kwamba simba auawe. Kwa maoni yangu hapa ndipo uhifadhi wa Gir ulipo, kwa sababu zaidi ya nusu ya simba waliohesabiwa mwaka 2025 walikuwa nje ya msitu wenyewe na maeneo yake ya karibu, katika mashamba, mabonde na hata kandokando ya pwani, na hakuna askari anayeweza kuwalinda huko kama wanavijiji hawataki.

Lipo pia jambo linalotugusa sisi. Mwaka 1994 virusi vya homa ya mbwa viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mwaka 2018 virusi hivyo viligunduliwa miongoni mwa simba wa Gir, ambako zaidi ya 20 walikufa katika wiki chache. Simba wote wa mwituni wa Asia wamo katika jimbo moja. Mahakama ya Juu ya India iliamuru mwaka 2013 baadhi yao wahamishiwe hifadhi ya Kuno, katika jimbo la Madhya Pradesh, na amri hiyo haijatekelezwa. Mwaka 2022 Kuno ilipokea duma kutoka Namibia badala yake. Gujarat imeandaa makao ya pili katika hifadhi ya Barda, karibu na Porbandar. Ninaelewa fahari ya watu wa Gujarat, lakini Barda haiko mbali vya kutosha kwa ugonjwa, na Serengeti imeshatufundisha jinsi maradhi haya yanavyokwenda.

Mwendo wa gari mfupi kutoka Gir ndipo kilipo kijiji cha Jambur, makao ya Wasidi. Hawa ni wazao wa Waafrika walioletwa kama watumwa, askari na mabaharia kwa karne nyingi, baadhi yao kutoka pwani yetu, kwa vyombo vilevile nilivyoviona Mandvi. Wanazungumza Kigujarati, ni Waislamu, na wanamheshimu Bava Gor, walii wa asili ya Kiafrika anayehusishwa na biashara ya akiki, ambaye kaburi lake liko Ratanpur. Ngoma yao, dhamal, huchezwa kwa ala ya uzi yenye umbo la upinde iitwayo malunga, magoma makubwa na njuga, na mapigo yake niliyatambua kabla sijaambiwa lolote. Mwaka 2023 mama mmoja wa kijiji hiki, Hirbai Lobi, alitunukiwa nishani ya Padma Shri kwa kuanzisha shule za chekechea na vikundi vya ushirika vya wanawake wa Kisidi.

Hoteli za Sasan, kijiji kilicho langoni mwa Gir, huwaalika Wasidi kucheza bustanini wakati wa chakula cha usiku, wakivunja nazi kwa vichwa huku wageni wakipiga picha. Ni kipato kwao, na sitamlaumu anayekipokea, lakini huko huwezi kuwajua. Afadhali uende Jambur siku ya Alhamisi, wanapokusanyika wenyewe kwenye kaburi la Nagarchi Pir. Vaa kwa staha, vua viatu, toa sadaka, omba ruhusa kabla ya kutoa kamera, na wakikuuliza umetoka wapi, usijibu kwa neno moja. Waeleze miji, bahari, vyakula na nyimbo za kwenu, kwa sababu wanaliuliza swali hilo kwa dhati na ni nadra kutembelewa na mtu anayeweza kulijibu.