Patapata za Kitanda cha Tisa

Kijana wa gesi habebi mtungi begani kama wenzake. Akifika ghorofa yetu anauinamisha na kuuviringisha kwa ukingo wa chini, krrr, krrr, hadi mlangoni. Jumamosi ulinikuta nakata sukumawiki. Kisu kikasimama. Kitindamimba wangu akaniuliza, "Mama, unahesabu nini?" Kumbe midomo ilikuwa inacheza.

Nilikuwa nahesabu saa. Mtungi mkubwa wa oksijeni, ule wa lita 6,800, ukimfungulia mgonjwa mmoja lita 15 kwa dakika, haufikishi saa nane. Mwaka 2021, wakati wa korona, hesabu hiyo niliijua kuliko namba ya kitambulisho changu.

Ilikuwa mwisho wa Machi, wiki ile Rais Kenyatta alipozifunga kaunti tano, Nairobi yetu ikiwemo, na kafyu ikawa saa mbili usiku. Mnakumbuka. Chanjo zilikuwa zimeingia nchini mwanzoni mwa mwezi, sisi wauguzi tukatangulizwa. Waliolala wadini hawakuwa wamefikiwa. Mashine za kupumulia tulikuwa nazo sita, zote zina watu. Hospitali nyingine zilipiga simu kuulizia nafasi, nasi tulikuwa tunazipigia hizohizo.

Saa tisa usiku mmoja wa wale sita akatutoka. Mashine ikabaki wazi, na waliokuwa wakiihitaji saa ileile walikuwa wawili.

Kwenye karatasi, uamuzi wa nani apewe ulikuwa wa watu watatu, na anayemhudumia mgonjwa hakutakiwa kuwemo. Usiku ule watatu hao walikuwa daktari mmoja kijana na simu yenye chaji asilimia 11. Aliandika alama nyuma ya fomu ya chakula: figo, ini, presha, damu. Mwenye alama nyingi ndiye mwenye tumaini dogo. Alijumlisha mara mbili. Walipishana alama moja.

"Namba nne, sista," akasema, bila kuinua uso.

Nikabadilisha mipira, nikaifuta mashine kwa klorini, nikaijaribu. Mtungi mdogo wa kumsafirishia mgonjwa ulikuwa mtupu, kwa hiyo mashine ndiyo ingemfuata kitandani. Nikaisukuma mwenyewe.

Gurudumu moja lilikuwa linalia. Waliolala pale siku nyingi walishazoea mngurumo wa mitungi koridoni. Sauti hii ilikuwa nyingine, na waliijua. Nilipoingia vichwa vikainuka, hata vya waliolazwa kifudifudi. Hakuna aliyesema neno. Mwenye barakoa ya oksijeni usoni hana pumzi ya maneno.

Kitanda cha nne kilikuwa mwisho kabisa, dirishani. Cha tisa kilikuwa hapo karibu na mlango.

Yule baba wa kitanda cha tisa alikuwa kifudifudi, shavu kwenye mto, jicho moja likinitazama. Akateremsha mkono. Patapata zake za buluu zilikuwa sakafuni, njiani. Akaivuta ya kwanza chini ya kitanda, akapumzika. Kipimo cha oksijeni kilichobana kidole kikaanza kupiga kelele kwa sababu ya kile kijisafari cha mkono. Akaivuta ya pili. Kisha akaning'iniza mkono hivyohivyo, akingoja.

Nilipita. Ingekuwa rahisi kuwaambia kwamba nilisimama, nikamgusa bega. Nilikaza macho dirishani, gurudumu likalia mpaka kitanda cha nne, na sauti hiyo sijui kama kuna aliyewahi kuitia mafuta.

Mengine ni mafupi. Wa namba nne alikaa kwenye mashine siku kumi na moja, kisha naye akatutoka. Wa tisa, ndugu zake walipata nafasi kwingine asubuhi ileile, wakaja na ambulensi. Nilikuwa nimeshatoka zamu. Sikuuliza wamempeleka wapi, na ningeweza kuuliza.

Hesabu ya daktari haikuwa na kosa. Nimeirudia mara nyingi kuliko yeye. Linalonirudisha nyuma ni zile patapata: alizisogeza ili nisimame pale, au ili nipite?

Kitindamimba nilimwambia nahesabu pesa za gesi. Kijana nilipomlipa nikamwomba siku nyingine aubebe ule mtungi. Akasema mgongo unamuuma.