Kidonda cha mama na unga wa rangi mbili

Kilianza na mkwaruzo wa ukuni, juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa ndani. Mwezi wa tatu kilikuwa sawa na kifuniko cha soda. Mwaka ulipotimia kilishalingana na kiganja cha mtoto. Pale kwetu Muheza kila mtu alikuwa na lake la kusema. Shangazi alishikilia kwamba mama kakanyaga kitu cha watu. Mimi niliyesoma nilisema ni bakteria, na leo nikikumbuka naona sikumpita shangazi kwa mbali.

Kila kidonda kilipotoa majimaji au harufu, nilikimbilia duka la dawa kununua rangi mbili, vile vidonge vya kuua bakteria. Vingine mama anameza, vingine navifungua namwaga unga wake juu ya kidonda. Unga ule ukilowa unaganda kama uji uliosahaulika sufuriani, na kuubandua kesho yake ni kilio. Spiriti nayo nimemwagia, Mungu anisamehe. Dozi sita mwaka mmoja, na nyingi tuliziacha katikati maumivu yalipotulia.

Usiku mmoja mama akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Akakataa chakula, akawa anauliza kama mvua imeacha, na mvua haikunyesha. Kipimajoto kilisoma 37.4, nikajidanganya kwamba ni uzee. Asubuhi nilipofungua bandeji, ngozi kuzunguka kidonda ilikuwa ngumu, inang'aa, ya moto kuliko mguu wa pili. Wekundu unaosemwa kwenye vipeperushi sikuuona. Kwenye ngozi nyeusi kama ya mama haujitokezi kirahisi. Nilichora mstari wa kalamu pale joto lilipoishia. Kufika saa kumi jioni lilikuwa limeuvuka kwa vidole viwili. Tukakodi gari.

Alilazwa siku tano kwa sindano za mshipa. Siku ya pili akanitambua na kuniuliza nani anawalisha kuku.

Sista wa chumba cha vidonda ndiye aliyenifungua macho. Alisema kidonda cha muda mrefu hakikosi vijidudu, na kuwepo kwao peke yake si sababu ya kumeza dawa. Dawa ina kazi pale maumivu yanapozidi ghafla, joto na uvimbe vinapotambaa, usaha unapobadilika, au mgonjwa anapopata homa. Na mzee anaweza kuchanganyikiwa tu bila homa kubwa, kama mama. Halafu akabonyeza muundi wa mama kwa kidole gumba, shimo likabaki. "Ugonjwa wenyewe huu hapa," akasema. Vali, yaani vilango vya ndani ya mishipa inayorudisha damu, zimechoka, damu inatuama mguuni, ngozi inalowa na kudhoofika. Nilikuwa napigana na inzi, mzoga nimeuacha.

Walipima sukari, ikawa salama. Kisha wakalinganisha presha ya kifundo na ya mkono kuhakikisha damu inashuka vizuri, maana mguu usiopata damu ya kutosha ukiubana unaweza kuua nyama. Hapo ndipo wakamfunga bandeji za kubana, kutoka chini ya vidole hadi chini ya goti. Tafadhali, usizinunue ukamfunga mzazi wako kabla ya kipimo hicho.

Nyumbani kazi ikawa nyepesi kuliko nilivyozoea. Mara mbili kwa wiki nanawa mikono kwa sabuni, naosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita, bila kusugua. Gozi safi, bandeji juu. Mchana mama analala miguu ikiwa juu ya mito, ingawa hilo tuligombana sana, eti majirani watasema anadeka. Mayai na dagaa havikukosekana. Kila Jumapili nilipiga picha kidonda kikiwa na rula pembeni, kwa sababu macho ya mwenye hofu yanadanganya.

Miezi miwili ya kwanza rula haikuonyesha kitu cha maana. Kisha kingo zikaanza kusogeleana, na mwezi wa sita kikafunga. Hatukutumia tena kidonge hata kimoja.

Sasa vita vyetu ni soksi za kubana, ambazo anatakiwa kuzivaa kila siku kidonda kisirudi. Siku ya harusi anazivua, anazificha chini ya godoro, anasema haziendani na khanga.