Hina iliyoyeyuka: nilivyozipima kamera mbili kwa karatasi

Mama wa bibi harusi aliishika ile picha ya A4 kwa ncha za vidole, akaisogeza dirishani, akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, picha nzuri. Lakini hina iko wapi?"

Nilipoitazama kwenye mwanga wa mchana nikaona. Mikono ya binti yake ilikuwa na rangi ya hina, lakini maua hayakuwapo. Vile vijani vyembamba ambavyo mchoraji aliviinamia tangu alasiri vilikuwa vimeyeyuka, mkono ukawa kama umepakwa udongo mwekundu. Niliona haya. Nikamwomba anirudishie picha ile na anipe muda.

Ninapiga picha za harusi hapa Lamu, upande wa wanawake. Anayejua kupamba kwetu, ile hafla ya wanawake ya bibi harusi, anaelewa maana yake: wanaume hawaingii, simu hazitakiwi, na picha haziendi mtandaoni. Zinabaki kwenye karatasi: albamu ya picha za inchi nne kwa sita, na moja kubwa ya kuwekwa chumbani. Ndiyo maana nilinunua printa yangu ya wino inayofika A4, kwa sababu sitaki sura ya mwari wa watu ipite kwenye kompyuta ya duka la kusafishia picha. Kwangu mimi, basi, kamera nzuri ni ile inayonipa karatasi nzuri. Kioo cha kompyuta hakuna mteja anayekiona.

Usiku ule wa harusi tulikuwa mtaa wa Mkomani, kwenye nyumba ya mawe ya zamani, chumba cha ndani kabisa. Vyumba vya nyumba hizi upana wake umefungwa na urefu wa boriti, kwa hiyo ni virefu na vyembamba, na boriti za nyumba ile zilikuwa zimekwisha kuwa nyeusi kwa umri. Ukielekeza flashi juu, hairudi. Ukimpiga nayo usoni, dhahabu inakuwa bati na uso unakuwa bapa. Niliizima, nikabaki na balbu moja ya njano, nikaiachia kamera ichague yenyewe ISO, yaani kiwango cha kuikuza picha inayoipokea. Ikapanda hadi 6400.

ISO haiongezi mwanga. Hilo nililisikia zamani lakini sikuwa nimelishika. Kutoka 100 kwenda 200, 400, 800, 1600, 3200 hadi 6400, kila hatua kamera inaikuza maradufu ishara iliyopokea, na inapoikuza inakuza na uchafu uliomo. Mwanga wenyewe huanguka kama rasharasha ya mvua: panga mabakuli uani kwa dakika moja, hakuna mawili yatakayolingana. Mvua ikiwa kubwa tofauti hiyo huioni. Ikiwa haba, bakuli moja lina matone manne na jirani yake tisa, na hapo ndipo zinapotokea chembechembe kwenye picha. Balbu ya njano inazidisha tabu, maana ina samawati kidogo sana. Kamera ikitaka nguo nyeupe ionekane nyeupe, inabidi ikuze rangi hiyo kuliko nyingine, na vivuli vinajaa madoa ya rangi.

Kila niliyemuuliza aliniambia ninunue kamera yenye sensa kubwa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Yangu ni Nikon D5200, sensa ya milimita 23.5 kwa 15.6. Rafiki yangu anayepiga picha Malindi ana D750, sensa karibu ya milimita 36 kwa 24. Zote mbili zina pikseli milioni 24 na kidogo, na hapo nikaona bahati: tofauti iliyobaki kubwa ni ukubwa wa sensa. Alipokuja Lamu kwa Maulidi nikamwomba aniachie kamera yake siku mbili kabla sijatumbukiza akiba yangu. Akakubali, Mungu amlipe.

Nilipanga vitu mbele ya zidaka, vile vishimo vya ukutani, za nyumbani kwetu: buibui jeusi lililokunjwa, bangili ya dhahabu, sahani ya kaure ya bibi yangu, na kofia nyeupe iliyoshonwa kwa mkono, yenye vile vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Mkono wenye hina ningeupenda zaidi, ila hakuna mkono unaotulia sekunde mbili. Nikawasha balbu ileile moja. Lenzi ilikuwa moja kwa kamera zote, ya milimita 50, tundu lake la mwanga nikalifunga kwenye f/4. Kamera kubwa niliiweka mita moja na nusu, ndogo nikairudisha nyuma hadi mita mbili na robo ili vitu vienee sawa kwenye picha. Nikaanza ISO 100 kwa sekunde mbili, 200 kwa sekunde moja, 400 kwa nusu, nikishuka hivyo hadi 6400 kwa 1/30 ya sekunde. Zote kwa faili ghafi, yaani picha kama sensa ilivyoipokea, bila kuiruhusu kamera isafishe chochote.

Kwenye kompyuta, nilipozikuza hadi pikseli kwa pikseli, nilivunjika moyo. Kamera yangu ilionekana imechoka kuanzia 800. Ningekuwa na pesa mkononi siku ile ningenunua nyingine palepale. Lakini fikiria unachokitazama. Pikseli 6000 kwenye kioo cha kompyuta kama yangu ni picha ya upana wa mita moja na nusu, nawe umeikaribia kama mtu anayesoma msahafu. Sijawahi kumuuzia mtu picha ya namna hiyo.

Nikachapa. Nne kwa sita kwanza, kisha A4, kila ISO na kila kamera, nikaandika alama ndogo nyuma kwa penseli na kuzichanganya. Nikawaita shangazi yangu na jirani yetu anayeshona kofia, nikawaambia wazipange kutoka nzuri hadi mbaya, bila kuwaeleza ipi ya nani.

Za nne kwa sita ziliwashinda. Hadi 1600 walizipanga ovyo kabisa. Kwenye 3200 shangazi alipatia mara moja na kukosea mara moja. Ni 6400 tu ndipo wote wawili waliitoa ile ya kamera yangu, kwa sababu ya weusi wa buibui uliokuwa na madoa ya zambarau. Hesabu yake niliifanya baadaye. Karatasi ya nne kwa sita kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli milioni 2.16 tu, kwa hiyo pikseli kama kumi na moja zinakusanywa kuwa nukta moja, na chembechembe zinapungua zaidi ya mara tatu. Yale mabakuli yanamiminwa kwenye ndoo moja, na tofauti zao zinamezana.

A4 ilikuwa habari nyingine. Hapo pikseli zinazokusanywa hazifiki hata tatu, na jirani yetu hakuhitaji muda. Ya kamera yangu kwenye 1600 aliikubali. Ya 3200 aliiweka kando. Ya kamera kubwa aliikubali hadi 3200. Kwa macho yangu zilipishana hatua moja na kidogo, na ndivyo ukubwa wa sensa unavyosema, kwani ile kubwa inapokea mwanga mara mbili na zaidi.

Kilichonishtua ni alichosema juu ya ile ya 6400. Aliishika, akaigeuzageuza, akasema, "Vitundu vyote vipo. Kitambaa ndicho kina vumbi."

Vitundu vipo! Kwa nini basi hina ilipotea kwa ISO ileile? Nikarudi kwenye kamera, nikaipiga kofia tena kwa 6400, safari hii kwa JPEG, faili ambayo kamera imeshaitengeneza yenyewe, na usafishaji wa chembechembe nikiwa nimeuweka juu kabisa, kama nilivyokuwa nimeuacha usiku wa harusi. Vumbi likaondoka, na vitundu vikaondoka nalo. Kamera haijui tofauti ya chembe na uzi mwembamba. Vyote viwili kwake ni vitu vidogo vidogo, na inavipangusa pamoja. Makosa yalikuwa yangu, tangu nilipouweka hivyo sikuwahi kuufungua tena ukurasa ule wa menyu.

Nikajaribu pia ule ujanja wa kupiga giza kwa 1600 kisha kuinyanyua picha mara nne kwenye kompyuta. Uchafu ulikuwa uleule wa 6400. Mwanga usioingia hauingii.

Kamera ya rafiki niliirudisha na sikununua nyingine. Nilinunua waya mrefu na balbu tatu nyeupe za LED. Kutoka balbu moja kwenda tatu zenye nguvu hiyohiyo ni zaidi ya hatua moja na nusu ya mwanga, kupita ile niliyokuwa nikiitafuta kwenye sensa, na samawati imeongezeka juu yake. Naziangika upande mmoja, nyuma ya shiti jeupe, na kuta za chokaa zinamalizia. Sasa picha kubwa naipiga kwa f/2.8, 1/50, ISO 1600. Hiyo 1/50 siichezei, kwa sababu umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde na balbu za bei ndogo hupepesa. Ukienda kasi sana, picha moja inatoka na mstari wa giza na nyingine haina. Za albamu naziruhusu zifike 3200 bila wasiwasi. Matwari ya Maulidi usiku ni jambo jingine, barabarani huwezi kuwaangikia watu balbu, na huko bado naazima ile kubwa.

Ilibaki picha ya yule mama. Usiku wa harusi nilikuwa nimehifadhi faili ghafi pamoja na JPEG, na nilichapa JPEG kwa haraka tu. Nikaifungua ile ghafi, nikaondoa madoa ya rangi peke yake, chembechembe nyingine nikaziacha zilivyo. Nikachapa kwenye karatasi isiyong'aa, inayoficha vumbi vizuri zaidi, nikaipeleka Mkomani baada ya alasiri.

Aliipeleka tena dirishani. Akaweka kidole kwenye kifundo cha mkono, akakipandisha taratibu kufuata mashina hadi kidole cha pete, akasimama hapo.

"Hapa mchoraji alikosea," akasema. "Ua hili amelifanya kubwa kuliko mwenzake."